Mto Uliolisha Kabichi Zetu

Wageni waliokuja Lushoto kupunga hewa enzi za Waingereza walikuwa wakiusifu mto wetu. Waliuona kule juu, unakotoka msituni. Sisi tuliishi chini ya mji, na mto uliotufikia ulikuwa mwingine kabisa. Ulikuwa umeshapita kwenye mazizi ya ng'ombe wa maziwa wa mzungu mmoja, kwenye vyoo vya mjini na nyuma ya machinjio. Kwetu mawe yake yalikuwa na utando mzito wa kijani, na jua likiwaka bonde zima lilinuka zizi.

Wanaume wa bondeni waliupenda hivyo hivyo. Walisema maji yana mafuta. Walipokusanyika kuzibua mfereji unaopeleka maji mashambani, waliukwangua ule utando kwa majembe wakautandaza kwenye matuta, huku wakicheka kwamba mzungu anawafugia mbolea ya bure. Kabichi za baba yangu zilikuwa kubwa kuliko kichwa changu. Hoteli ya Wazungu ilizinunua, na nyingine zilipakiwa kwenye lori kwenda Tanga. Mambo ya mfereji yalikuwa ya wanaume. Siku ya kuuzibua mwanamke hakuruhusiwa hata kuuvuka, sembuse kutoa neno. Maji ya kunywa walichota wanawake, humo humo.

Mdogo wangu wa kiume alianza kuhara kabla hajaota jino. Akipona leo, keshokutwa anaumwa tena. Dresa wa zahanati alimwambia mama achemshe maji. Kwa kuni zipi? Msitu ulikuwa wa serikali, na askari wa msitu alikuwa tayari kumnyang'anya mtu panga kwa ajili ya tawi kavu. Basi mama akaanza kupanda alfajiri, anaupita mji wote mpaka juu ya mazizi, anarudi na debe kichwani. Mimi, binti yake mkubwa, nilibaki na mtoto. Alipata nafuu. Akaanza kutambaa, akawa ananing'ang'ania miguu nikipika.

Hapo ndipo baba alipokasirika.

"Sokoni wananiuliza kwa nini mke wangu anaukimbia mto ninaotumia kumwagilia," alisema. "Hoteli wakisikia, nani atanunua mboga zangu?"

"Baba watoto, mwanao anakunywa mavi."

"Anakunywa maji tuliyokunywa sote. Kuanzia kesho huendi."

Hakwenda huko juu tena. Alikwenda kwa jumbe. Nilifuatana naye. Mama alipiga magoti, akatoa shikamoo, akaomba yule mzungu aambiwe achimbe shimo la samadi ili uchafu wa mazizi usiingie mtoni. Jumbe alipeleka neno, na ajabu ni kwamba mzungu hakukataa. Watu wa bondeni wakitaka, alisema, atachimba. Jumbe akawauliza wanaume wa mfereji. Wote walikataa huku wakicheka, baba wa kwanza. Mpaka leo nikikumbuka walivyocheka nachukia, nawachukia hata wale waliokwisha kufa. Mzungu nilikuwa nimejiandaa kumlaumu, na sehemu yake ya lawama ninayo bado. Lakini shimo lile lilikataliwa na watu waliomwita mtoto yule mwanetu.

Mtoto akarudishwa kwenye maji ya mfereji. Macho yakaingia ndani, ngozi ikalegea, kilio kikapungua mpaka kikawa mguno. Alikufa asubuhi moja ya baridi, ukungu ukiwa bado haujatoka bondeni.

Mama alichota maji ya kumwosha palepale tulipochota siku zote. Mwalimu wa msikiti wa mjini, aliyekuja kusimamia maziko, alichungulia ndani ya mtungi akarudi nyuma. Alisema maji yaliyogeuka rangi na harufu kwa najisi hayafai kuoshea maiti. Yatafutwe mengine.

Hakuna aliyebisha. Hakuna aliyeuliza sokoni watasema nini. Baba alichukua debe, majirani wawili wa mfereji wakachukua yao, wakapanda mbio kuupita mji mpaka juu ya mazizi. Hao ni wanaume ambao sikuwahi kuwaona wamebeba maji ya nyumbani. Walirudi wakihema, mabega yamelowa, wakayatua madebe uani. Maji yalikuwa maangavu, kutu ya chini ya debe ilionekana.

Mama alikuwa amekaa mlangoni, mtoto mapajani. Aliyatazama madebe, kisha akamtazama baba.

"Kumbe njia mnaijua," alisema.