Joho la Dada Miwani

Ujumbe wa kwanza uliingia saa nne asubuhi, nikiwa napiga pasi suruali ya mteja.

"Hongera Bobini. Nafasi yako ya famasia inakusubiri. Usichelewe."

Nikausoma mara mbili. Pasi ikaacha alama kwenye suruali ya watu.

Ngoja niwaeleze kilichonishtua. Kwenye fomu ya chuo niliandika majina yangu matatu kama yalivyo kwenye cheti. Bobini sikuandika popote. Hilo ni jina la nyumbani, nililopewa nikiwa natambaa, kwa sababu nilikuwa naziiba bobini za cherehani ya baba, vile vigurudumu vya uzi, na kuzirusha uvunguni. Wanaoniita hivyo ni watu wa familia tu.

Sasa chuo kimelijuaje?

Nikamwonyesha mama. Mama akatabasamu mpaka jino la mwisho.

"Unaona? Wamekuchunguza. Vyuo vya maana ndivyo vinavyofanya."

Mimi nilikuwa na mashaka, lakini simu nikairudisha mfukoni. Nilikuwa nakitaka kile chuo, jamani, tusidanganyane.

Chuo chenyewe sisi tulikiita cha vioo. Ghorofa sita, lifti mbili, kiyoyozi kila chumba, na bango kubwa barabarani lenye msichana aliyevaa koti jeupe akitazama chupa. Cha pili nilichopata kilikuwa cha serikali. Barua yake ilikuja imechelewa, karatasi nyepesi, muhuri umekaa upande. Ada yake baba angeiweza kwa kushona tu. Ila kila mtu alikuwa na lake la kusema: mara wanafunzi wanasikiliza mhadhara wakiwa dirishani, mara hadubini moja watu kumi na wawili.

"Mwanangu hawezi kusoma amesimama kama anasubiri maji," mama alisema.

Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyekuwa anatia kuni. Binti yake, Dada Miwani, alisoma famasia hapohapo kwenye vioo. Kwa maneno ya shangazi, alimaliza zamani na sasa yuko nje ya nchi, hospitali kubwa, hata muda wa kupiga simu hana.

"Mnamnyima mtoto maisha," shangazi alimwambia baba. "Uza ile cherehani ya umeme. Utanunua nyingine akianza kazi."

Hapo ndipo palipouma. Baba alikuwa na cherehani mbili, ya miguu na ya umeme. Ya umeme ndiyo iliyotulisha. Ndiyo iliyoshona majoho ya mahafali ya vyuo vyote vya jirani, pamoja na hicho cha vioo. Mnunuzi alishapatikana, na angekuja Jumamosi.

Baba hakubishana. Alikuwa na pini midomoni, na baba akiwa na pini midomoni hujui kama hana jibu au anakuhurumia.

Ujumbe ukaendelea kuja. Kila siku, saa nne kamili.

"Bobini, wenzako wameshathibitisha."

"Bobini, zimebaki siku tatu."

Nikijibu, kimya. Nikipiga, haipokelewi. Nilifika mahali ikikaribia saa nne naiweka simu chini na kuifunika kwa kitambaa.

Alhamisi asubuhi baba akatoa pini mdomoni, zote, moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake. Akapanda kwenye stuli. Akashusha joho lililokuwa likining'inia kwenye kona ya duka, ndani ya mfuko wa nailoni.

Lile joho lilikuwa pale miaka mitatu. Jeusi, lina mkanda wa kijani shingoni. Tulikuwa tunajua ni zawadi ya baba kwa Dada Miwani, alimshonea kabla ya mahafali yake. Kila nikiuliza kwa nini hajalichukua, baba alikuwa ananituma uzi.

"Mpelekee mwenyewe," akaniambia.

"Baba, si yuko nje ya nchi?"

"Nenda pale chuoni, uliza. Watakuelekeza."

"Halafu?"

"Akilipokea, Jumamosi nauza cherehani na hutanisikia neno. Asipolipokea, unakwenda cha serikali."

Nikamwangalia vizuri kama ana homa. Hana.

"Baba, kuna kitu unanificha?"

"Nilimwahidi dada yangu sitasema kitu," akasema. "Sikumwahidi kwamba joho halitapelekwa."

Nikaondoka na hasira zangu. Njia nzima nilikuwa najiambia mzee ana wivu, anaogopa binti yake ataruka juu kuliko cherehani yake. Mungu anisamehe.

Getini palijaa wazazi wamevaa kana kwamba wanakwenda harusini. Ndani ukumbi ulikuwa baridi, sakafu inang'aa mpaka unajiona soli. Kulikuwa na foleni tatu kwenye madirisha matatu. Nikaona kabla ya kuuliza lolote nikatazame kwanza maabara yangu ya kesho.

Nikapanda lifti hadi ghorofa ya nne. Kibao kikubwa: MAABARA YA FAMASIA.

Mlango ulikuwa na kufuli. Nikaegemeza paji la uso kwenye kioo.

Stuli zilikuwa bado zimefungwa nailoni ya kiwandani. Chupa zilikuwa zimepangwa rafu nzima, tupu zote, na karatasi za bei bado zimebandikwa. Sinki halikuwa na bomba. Juu ya meza vumbi lilikuwa jeupe, na hapakuwa na alama hata ya kidole kimoja.

Nikajipa moyo kwamba labda ni maabara mpya. Ila miguu ilishaanza kuniambia turudi chini.

Nikamfuata mlinzi wa ukumbini, mzee mmoja mpole. Nikamwonyesha kikaratasi cha jina kilichobanwa kwenye joho.

"Mzee, huyu alisoma famasia hapa. Nitapata wapi anwani yake?"

Akakisoma, akaniangalia, akalitazama joho.

"Alisoma?" akauliza taratibu. "Huyu yupo. Dirisha la tatu."

Niligeuka.

Nyuma ya kioo cha dirisha la tatu alikaa mwanamke aliyekonda, suti ya bluu, nywele zimebanwa nyuma. Alikuwa anamchekea mama mmoja huku anamsogezea kalamu. Miwani ilikuwa ileile, upande mmoja imeungwa kwa gundi.

Dada huyu ndiye aliyenifundisha kusoma, kidole chake chini ya kila neno. Na kumbe alikuwa nusu saa tu kutoka kwetu miaka yote, sisi tukimwombea huko ng'ambo.

Nikapanga foleni. Zamu yangu ilipofika, alinyanyua uso akiwa na lile tabasamu lake la kazi. Likabaki palepale, halikuongezeka wala kupungua.

"Bobini," akasema. "Umekuja. Umeleta cheti?"

"Dada, wewe ndiye uliyekuwa unaniandikia?"

"Umeleta cheti?"

Nikaweka joho juu ya kaunta. Mkanda wa kijani ulionekana kupitia nailoni. Mkono wake ulitoka kwenye kitundu cha kioo, ukagusa pindo kwa ncha za vidole, kisha ukarudi haraka kama umeguswa na pasi.

"Litoe hapo," akanong'ona. "Watu wanaangalia."

"Baba amesema nikukabidhi."

"Litoe, nimekwambia."

"Dada, hukumaliza?"

Akatazama kushoto, akatazama kulia. Halafu akaanza kuongea haraka, bado anatabasamu, mtu wa mbali angedhani ananieleza ratiba.

"Nilimaliza masomo. Matokeo hayajatoka. Walisema kozi yetu bado inasubiri kibali. Darasa zima, hakuna aliyevaa joho. Wengine wamekata tamaa, wako majumbani wanadanganya kama mama yangu anavyodanganya. Mimi waliniambia nikikaa dirishani nikawaletea wanafunzi kumi, yangu yatashughulikiwa."

"Kumi?"

"Nimeshapata tisa."

Akanisogezea fomu. Akaniwekea kalamu juu yake, sawasawa, kama alivyokuwa akiniwekea nikiwa darasa la kwanza.

"Saini, mdogo wangu. Wewe ndiye wa kumi."

Nilitegemea macho yake yaniambie nikimbie. Hayakusema hivyo. Alikuwa ananiomba, kwa moyo wake wote, niingie.

Nililia palepale. Nikachukua joho, nikatoka. Nyuma yangu nikasikia sauti yake tamu ikimwita anayefuata.

Nilirudi dukani kwa baba. Aliliona joho mkononi mwangu, akapanda stuli, akalirudisha kwenye kona. Ndipo akaniambia kitu ambacho mteja wa kawaida asingekijua.

Kila kozi ina rangi yake ya mkanda. Biashara nyekundu, ualimu bluu, famasia kijani. Kile chuo kilitangaza famasia mwaka baada ya mwaka, na kila mwaka baba alipewa oda ya nyekundu na bluu. Mkanda wa kijani haukuagizwa hata mmoja. Huo mmoja aliushona mwenyewe kwa mapenzi yake, akalipeleka joho siku ya mahafali, akamkuta mpwa wake dirishani.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," baba akasema. "Hicho cha serikali kimewahi kukuandikia ujumbe hata mmoja?"

Jumamosi mnunuzi wa cherehani alirudi mikono mitupu. Shangazi hakuongea nasi kwa mwaka mzima.

Cha serikali nilisoma nimesimama kweli, mama hakukosea. Hadubini tuligombania. Mwalimu mmoja alikuwa anatuita mchwa kwa wingi wetu. Lakini miaka minne ilipokwisha, baba alipokea oda ya mikanda ya kijani themanini na sita, na wa kwanza alioukata ulikuwa wangu.

Ningependa kuishia hapo.

Wiki iliyopita nilikuwa kazini, nyuma ya kaunta ya dawa. Simu ikalia. Namba ngeni. Nikatazama ukutani: saa nne kamili.

"Hongera kwa kazi, Bobini. Nasikia mdogo wako wa mwisho amemaliza shule. Nimebakiza mmoja tu."

Zaidi ya miaka minne, na bado amebakiza mmoja.

Nikampigia mdogo wangu hapohapo. Akapokea amefurahi.

"Dada, huwezi kuamini. Kuna chuo kimeniandikia. Wananijua mpaka jina la nyumbani."

Nilimwambia asijibu kitu, aende dukani kwa baba, apande stuli kwenye kona, ashushe lile joho.

Na wewe unayesoma hapa, una mtoto anachagua chuo, sikiliza. Usihangaike na vioo wala lifti, na usihesabu wanaoingia getini. Mtafute aliyetoka. Ukimpata, muulize joho lake liko wapi. Akianza kuangalia kushoto na kulia, mshike mwanao mkono, rudini nyumbani.