Wa Tisini Katika Mia

Harufu ya vitunguu vilivyoanza kuoza naichukia mpaka leo. Ndiyo iliyokuwa harufu ya meza ya baba mdogo pale sokoni Kariakoo, miaka ya hamsini, mvua za vuli zilipokuwa zikigeuza vumbi la njiani kuwa tope jeusi. Yeye ndiye aliyetuweka kwake, mimi na mama, baada ya baba kufariki, na hakuacha kutukumbusha. Alinitaka nishinde pale nikichambua vizima na vibovu, na kila asubuhi alinung'unika kwamba shule inamchelewesha. Mimi nilikuwa darasa la nne, na roho yangu yote ilikuwa kwenye mtihani wa kuingia shule ya kati. Nikifaulu ningeendelea kusoma. La sivyo, vitunguu.

Mwalimu wetu alikuwa mtu wa majivuno. Alikuwa ametoka mafunzoni na hesabu mpya, basi hakutaka tena kusema fulani ni wa kwanza au wa mwisho. Alipanga alama zetu za mtihani ule kuanzia ya chini kabisa, akahesabu wale uliowapita, akagawa kwa idadi ya darasa zima, kisha akazidisha kwa mia. Tulikuwa arobaini. Niliwapita thelathini na sita, nikapata tisini, maana yake kama tungekuwa mia, tisini wangekuwa nyuma yangu. Darasani tulimwelewa. Lakini siku alipopita sokoni na baba mdogo akamuuliza habari zangu, alijibu huku akitembea: "Huyo ni wa tisini katika mia." Akaenda zake.

Kwa Kiswahili cha mtu yeyote, wa tisini ni mkia. Nilipojaribu kueleza kwamba hesabu ile inaanzia chini, niliambiwa nisibishane na wakubwa. Mama alijitanda khanga akamfuata mwalimu, akamsihi aje aseme tu kwamba mimi ni wa nne. Alikataa, eti hawezi kuishusha elimu yake mpaka kwenye vitunguu. Na jioni hiyohiyo nilimsikia baba mdogo akimwambia jirani yake wa sokoni, anacheka, "Darasa lenyewe halifiki hata hamsini, huyo wa tisini atatoka wapi? Lakini mwalimu kashasema, mimi nani nimpinge." Alijua, mshenzi yule. Akanitoa shule kwa neno hilohilo la mwalimu, na nafasi yangu ya shule ya kati akapewa mtoto niliyempita.

Siku hizi Kariakoo ni maghorofa matupu, na ndugu hunishauri nimsamehe marehemu. Sitaki. Mjukuu wangu akileta ripoti ya shule, humuuliza amekuwa wa ngapi, kati ya wangapi, na wameanza kuhesabu kutoka upande gani. Hucheka, akidhani bibi anatania. Kisha hukaa karibu yangu anisomee yaliyobaki, kwa sababu yameandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza tungekianza shule ya kati.