Buli Lililowekwa Jikoni

Kwanza liwekwe sawa jambo moja: hakuna aliyemwagiwa chai, wala hakuna aliyefukuzwa. Wanaosimulia kwamba Shangazi Sindano alimtoa mbio mke wa mtoto wa kaka yake hawakuwemo ndani siku ile. Walisikia kelele kupitia ukutani, na chumvi wakaitia wenyewe.

Shangazi Sindano alikuwa mshonaji wa sare za shule. Cherehani yake ilikaa dirishani, sebuleni kwa mjane wa kaka yake, na hapo ndipo wanawake hao wawili walipomlea kijana wa marehemu kama mboni ya jicho. Jina la Sindano alilipata kwa kazi yake, ingawa waliowahi kuuonja ulimi wake walicheka kila walipolisikia.

Kitu alichokionea wivu kilikuwa kimoja tu: buli la kauri, jeupe, lenye mstari wa buluu shingoni, alilorithi kwa mama yake. Aliliosha mwenyewe, akalikausha mwenyewe, akalivisha kofia aliyoishona kwa vipande vya sare ili chai isipoe.

"Huyu ndiye mume wangu," alizoea kusema. "Hakoromi, wala hachelewi kurudi."

Kijana alipooa, mkewe alikuja kuishi nao. Alikuwa binti mpole, mwepesi wa kuinuka akiitwa. Alifiwa na mama akiwa bado mchanga, akalelewa na baba. Kwao chai ilichemshwa ndani ya birika la bati, majani na yote, na birika lenyewe halikushuka motoni mpaka chai imalizike.

Siku yenyewe wageni walikuwa wamekuja kuchagua kitambaa cha pazia. Shangazi alitaka kukitandaza mezani, akamkabidhi binti buli, bado lina chai nusu.

"Mwanangu, hebu liweke jikoni hili."

Binti akalipokea kwa mikono miwili. Aliona chai inapoa na mgeni mmoja hajamaliza kunywa. Basi akawasha gesi, akaliweka jikoni.

Ta! Buli likapasuka, chai ikauzima moto, ikatiririka mpaka sakafuni.

"Wewe! Nani kakwambia uweke buli motoni?"

"Si umesema jikoni, Shangazi?"

"Jikoni, chumbani humu! Siyo kwenye moto! Kauri inawekwa motoni? Ama kweli mama yako hakukufunza kitu!"

Mgeni alibaki ameshika kikombe, hajui akiteremshe au anywe. Binti alichuchumaa, akaokota vigae kimoja kimoja, akavikusanya kwenye upindo wa gauni lake. Kisha akasema, "Samahani, Shangazi," akaenda kutafuta tambara la kupangusia.

Baadaye yeye na mumewe walihamia upande wa pili wa mji. Walihama kwa sababu ya kazi ya mume. Hivyo ndivyo ilivyosemwa, na hivyo ndivyo itakavyobaki.

Asubuhi moja umeme ulikatika, na Shangazi alikuwa na marinda ya kunyoosha. Akatoa pasi ya zamani, ile ya chuma kizito isiyo na waya.

"Wifi, niwekee hii pasi jikoni."

Alipokwenda kuichukua aliikuta juu ya moto, imeiva barabara. Akanyoosha mkono, mkono ukasita.

"Wifi, mbona umeiweka motoni?"

"Si umesema jikoni? Ulitaka niiweke wapi, kabatini?"

Shangazi akavuta kiti akakaa. Marinda yale hayakunyooshwa siku hiyo.

"Yule mtoto alinisikia sawasawa," alisema hatimaye. "Buli nitanunua jingine, Wifi. Lakini marehemu wa watu nimemsumbua kaburini kwa ajili ya chai."

Akanunua buli jipya, akalishonea kofia, akaenda kwa binti. Njia nzima alikuwa akijifundisha maneno mawili tu: nisamehe, mwanangu.

"Karibu, Shangazi! Mbona hukusema unakuja?" Binti akafungua boksi, akatabasamu. "Zuri hili. Niliweke jikoni?" Kisha akainua macho, na ndani ya macho hayo kulikuwa na kicheko. "Lakini jikoni wapi, Shangazi? Chumbani au motoni?"

Mlango ulikuwa umefunguliwa wazi, kazi yake ilikuwa kuingia tu. Maneno yalipanda mpaka kooni, na hapo kooni yakamkuta Sindano wa siku zote.

"Popote utakapopenda," alijibu, akaanza kuulizia mvua.

Alikunywa chai iliyotoka kwenye chupa, akaaga. Nyumbani hakuvua hata viatu.

"Wifi, leo sindano ilikuwa mbele yangu, uzi ninao mkononi, nikashindwa kuutunga."

"Utakwenda tena."

"Nitakwenda tena."

Hakwenda. Ugonjwa ulimwahi, na aliondoka haraka kuliko yeyote alivyodhani.

Binti alikuja mazishini, tena alikuwa wa kwanza kufika. Wanaosema hakuja waulizwe wao walikuwa wapi. Mkononi alishika ile kofia ya buli jipya. Alikaa chumbani na mama mkwe wake, mlango umefungwa. Kama maneno mawili ya Shangazi yalimfikia humo, na kama aliyajibu, ni mambo ya nyumba hii. Hayasemwi.