Sekela Hakukimbia

Mwaka sabini na nne, pale Iyunga, Sekela alikuwa na mimba ya tatu na mtoto hana hata mmoja. Ya kwanza ilitoka yenyewe. Ya pili ilibaki mtaroni, na mtaro huo aliuruka kwa ajili ya heshima. Kwa Wanyakyusa mkamwana haonani na baba mkwe. Akimsikia anakuja, sharti akimbie ajifiche. Na Mzee Saulo alitembea kwa kunyata kama paka. Basi kila mara binti wa watu kurupu, migombani.

Safari hii nesi Verediana wa kliniki alimpima presha, akaguna. Akamwagiza kila asubuhi akae, afumbe macho, mkono tumboni, aifuate pumzi ikiingia na kutoka. Mawazo yakija ayaache yapite, kama malori ya Zambia yanavyopita barabarani. Mama akitulia, na mtoto hutulia.

Sekela akakaa, mgongo ukutani, baada ya kupalilia na si kabla, asiitwe mvivu. Akaitwa vilevile. Mama mkwe wake, Tusekile, aliwatangazia majirani kwamba mkamwana wake anaatamia kama kuku. Sekela akasema kuku anayeatamia hafukuzwi.

Mwanzoni aliuona mtaro tu, na ile damu. Wiki ya tatu pumzi ilishuka, mtoto akacheza taratibu chini ya kiganja. Akajua huyu yupo.

Ndipo Mzee Saulo akatokea uani, jembe begani. Sekela alimsikia. Moyo ukaruka, miguu ikataka kuufuata. Akavuta pumzi, akaitoa. Hakuinuka.

Mzee aliganda, kisha akarudi alikotoka. Tusekile akaja na aibu, laana na ng'ombe wa faini, vyote kwa mdomo mmoja. "Umemkalia baba mkwe wako mbele ya macho yake."

"Macho yangu yalikuwa yamefumbwa, mama. Sikumwona. Na mimba hii siikimbizi tena. Anayetaka heshima akohoe akiwa mbali, apite nyuma ya nyumba."

Maneno yakamfikia mzee. Kesho yake kikohozi kilianzia kwa jirani, kikubwa, cha makusudi, kikazunguka nyuma ya nyumba. Miezi minne alikohoa hivyo, na kifua chake ni kizima.

Alizaliwa msichana wa kilo tatu, mwenye sauti. Tusekile alidai ni dawa yake ya mizizi iliyomwokoa mtoto. Sekela hakubishana. Asubuhi alikaa palepale ukutani, mtoto mapajani, akafumba macho, na mzee akapita nyuma akikohoa.