Chambo cha Kijivu Nilikichagua Mimi

Juzi, katika duka moja la mtaa wa Al-Sulimaniyah, nilinusa vyambo vya mpira vilivyotiwa marashi, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni, ufukweni Jeddah. Baba, karani wa bandarini, alinipa zamu ya kuchagua chambo. Nilidhani vyote vi hai, nikakionea huruma cha kijivu chenye mkia mwembamba uliopinda.

“Unamchukua mgonjwa?” kaka yangu Idi alinicheka. “Samaki watamletea uji.”

“Mwache dada yako,” alisema Baba. “Vuta polepole, mama.”

Mkia ulitetemeka majini, mshipi ukakaza, nikampandisha samaki mnene aina ya changu. Leo najua kwamba wembamba ule ndio uliomshawishi. Idi angali akisimulia kwamba chambo kilikuwa chekundu, chaguo lake. Napinga rasmi. Baba alipotoa mkono wa pongezi, kama kwa mtu mzima, aliupokea nani?