Sababu za Crispin

Mimi na Crispin tuliajiriwa siku moja. Barua zetu zilipigwa muhuri mmoja, na vifaa tulikabidhiwa juu ya meza ileile: mizani ya kuning'iniza yenye uso wa mshale, gambuti, koti la mvua, tochi na daftari. Yeye akapangiwa mwalo wa Ilagala, mimi Castory nikabaki mwalo wa Ujiji. Kazi yetu ni kupima samaki wanaoshushwa mwaloni asubuhi na kupeleka takwimu ofisini Kigoma. Huu ni mwaka wa kumi na nne.

Mtu asije akadhani namchukia Crispin. Simchukii. Namwonea wivu, na nasema hivyo hivyo bila kuremba, maana wivu wenyewe nimeishi nao hadi tumezoeana.

Crispin ni mtoto wa Katubuka, mwana wa mzee Gasper fundi cherehani. Ana mikono mirefu, na kila kifaa cha serikali kinachoingia katika mikono ile hakimalizi mwaka. Tochi ilizama ziwani siku ya tatu. Koti la mvua alilianika juu ya tanuri la kubanikia samaki wa migebuka, likayeyuka. Mizani aliwaazima watu wa arusi wapimie nyama, ikarudi haina mshale. Mimi mizani yangu naifunga kwa kanga kuukuu ya mke wangu, Yunisi, na kila Jumamosi naipaka grisi. Yunisi husema kanga yake inaipenda mizani kuliko ilivyompenda yeye.

Sasa sikia utaratibu wa ofisi yetu. Hununuliwi kifaa, hata kiwe kidogo namna gani, mpaka uandike sababu. Unaandika dokezo, linafungwa kwenye jalada, jalada linapanda kwa mkuu wetu, Bi Selina, mama wa Singida asiyecheka ovyo. Na sababu inayokubalika ni moja tu: cha zamani kimekufa. Tena kufa kwenyewe si kwa maneno matupu. Unaleta mabaki mezani, fundi anaandika kwamba hakitengenezeki, ndipo kalamu nyekundu inapoandika "Nimeidhinisha."

Kwa hiyo anayeharibu ana sababu, anayetunza hana. Mara tatu niliomba mizani mpya. Nilieleza kwamba namba zimefutika, nasoma kwa kukumbuka tu zilikuwa wapi. Mara ya kwanza nilijibiwa: "Kifaa kinafanya kazi. Aendelee nacho." Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu Bi Selina hakujisumbua, aliandika: "Rejea jibu la awali."

Crispin je? Mwaka ule alipopoteza gambuti, dokezo lake lilisomwa ofisi nzima. "Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Tarehe nane, nikiwa kwenye tope karibu na mdomo wa mto Malagarasi, alitokea kiboko. Mimi nilikimbia. Gambuti hazikukimbia. Moja imepatikana ikiwa imetafunwa, naiambatanisha." Ilikuwemo kweli, ndani ya mfuko wa rambo. Skolastika wa masijala, anayetunza majalada yote, aliniambia alimsikia Bi Selina akicheka peke yake hadi akakohoa. Gambuti mpya zilifika wiki ileile. Zangu zina viraka saba.

Mwaka jana akapewa mizani ya betri, ile inayotoa namba za kijani. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikasusa kula. Na kama kuniongezea, kila Jumatatu alikuja nayo Ujiji. Tulining'iniza jiwe moja kwenye mizani yake, kisha kwenye yangu, na zikitofautiana alirekebisha yake.

"Mwakeye, kaka Casto," alikuwa akinisalimu kwa Kiha huku akiipigapiga mizani yangu begani kama rafiki. "Hii ndiyo yenye kweli. Yangu inang'aa tu."

"Ego," nilimkubalia, na moyoni nilisikia tu kwamba yake inang'aa.

Mwezi wa tano mwaka huu Skolastika alinipigia simu.

"Castory, kuna mizani mpya moja tu kwenye bajeti. Mwaka wa serikali unaisha, isiponunuliwa ndiyo basi."

"Niandike?"

"Umechelewa. Dokezo la Crispin limeshapanda juu, linahusu mizani hiyohiyo."

Nilikata simu bila kuaga. Mizani ya tatu! Mtu ana ya betri, anataka nyingine, na mimi nasoma namba zisizokuwepo. Nikajiambia, kama ofisi hii inataka mabaki, itayapata.

Zilikuwa siku za mwezi mpevu, dagaa hawavuliwi, na mchana mwalo ulikuwa mtupu. Niliitundika mizani kwenye nguzo ya banda nikafunga jiwe kubwa kuliko uwezo wake. Mshale ulizunguka ukagonga mwisho. Nilipolitoa jiwe, mshale ukarudi sifuri, taratibu, bila kinyongo. Nikaongeza jiwe la pili, ukarudi tena. Grisi yangu ya kila Jumamosi ndiyo iliyokuwa inanishinda. Mara ya tatu nilijining'iniza mwenyewe juu ya mawe yale, miguu ikiwa hewani, mtu mzima mwenye watoto wanne. Springi ikalia, ikanyooka, na mimi nikaanguka kwa makalio kwenye mchanga. Niliyafunga mabaki kwa ile kanga. Nilitaka kufurahi, ikanishinda.

Jumatatu nilikuwa masijala asubuhi na mapema, kanga kwapani na dokezo mkononi: mizani imeanguka kwa bahati mbaya. Skolastika alifungua jalada ili alifunge humo dokezo langu.

"Afadhali umekuja, jibu limeshashuka," alisema. "Soma mwenyewe."

Nilisoma. Mwandiko wa Crispin naujua, herufi ndefu kama mikono yake.

"Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Mimi si wa mwalo wa Ujiji, ila naandika kwa sababu Ndugu Castory ameandika mara tatu. Mizani yake ndiyo tunayosahihishia zetu zote, na imedumu hadi leo kwa sababu ya mikono yake. Naomba mizani mpya apewe yeye. Ile ya zamani iwekwe ofisini iwe kipimo cha mialo yetu yote, na yeye awe msimamizi wake. Naomba kuwasilisha."

Chini yake, kwa wino mwekundu: "Nimeidhinisha. Mradi mizani ya zamani iletwe ikiwa nzima."

"Si umekuja nayo?" Skolastika aliuliza akiangalia kanga.

Crispin aliingia wakati huohuo, ametabasamu, anataka kuniona nikisoma. Aliichukua kanga kwapani mwangu, akaifungua kwenye meza ya dirisha la masijala, akatupia jicho dokezo langu, kisha akayatazama mabaki. Huyu mtu amevunja vitu vingi mno maishani, hadanganyiki.

"Kaka, hii haikuanguka," alisema polepole. "Springi ikiwa hivi, imevutwa."

Nilimtazama Skolastika, naye akajifanya anatafuta gundi.

Crispin alilivuta dokezo langu, akalikunja akalitia mfukoni. Akaomba karatasi, akaandika akiwa amesimama: "Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Katika kulinganisha mizani siku ya Jumatatu, mizani ya Ujiji ilikuwa mikononi mwangu. Naambatanisha mabaki."

"Crispin, usifanye hivyo," nilisema.

"Wewe wakiuliza, watakuuliza mwezi mzima. Mimi nani atashangaa?"

Kweli hakuna aliyeshangaa. Sauti ya Bi Selina ilisikika ng'ambo ya ukuta, "Crispin tena!", na safari hii hakucheka. Mizani ya betri ilinifikia baada ya wiki tatu, maana ya zamani ilikuwa imekufa na mabaki yalikuwepo. Usimamizi wa kipimo ukafutwa, kwani kipimo chenyewe hakipo. Crispin akapewa barua ya onyo, ya kwanza katika miaka kumi na minne.

Jumatatu bado anakuja Ujiji. Tunaning'iniza jiwe letu, yangu inasema hivi, yake inasema vile, zote kwa kijani. "Tufuate ipi, kaka?" huniuliza, nami huandika namba zote mbili daftarini. Juzi Skolastika alikubali nilione tena jalada. Nililisoma dokezo lake la kwanza, lile lenye jina langu, mara nne. Kisha nikasoma la pili, halina jina langu popote, na nyuma yake limefungwa onyo. Jalada langu mimi ni safi, halina hata onyo moja, na bado namwonea wivu.