Punje Nne za Komamanga

Pale Mbugangari, Vénantie alikuwa na sifa moja: alichapa kilichoandikwa, basi. Ukimletea barua ya talaka kibandani kwake, anachapa. Ukimletea tangazo la ndugu aliyepotea, anachapa, wala hakuulizi neno. Wenye midomo wakasema ana roho ngumu, midomo yao na ikome. Binti yake mwenyewe, Larissa, alivuka mpaka pale Petite Barrière kwenda Goma asubuhi moja na beseni la nyanya kichwani, vita vikaingia huko siku hiyo hiyo, na mpaka leo hajarudi. Tangazo lake ndilo pekee ambalo Vénantie hajalichapa.

Wiki iliyopita Cyuzuzo, mwanafunzi wa sekondari, alimletea daftari. Mwalimu alikuwa amewapa kisa cha kale cha Wagiriki wakihamishie zama zijazo, na shindano la hadithi hizo lilikuwa linafungwa siku hiyo saa kumi jioni.

Vénantie akaanza kuchapa. Mji wa kando ya ziwa, miaka mia mbili ijayo, hauna umeme. Watawala wanaoishi chini ya maji wanao, ila kila mwaka wanadai msichana mmoja. Mama mmoja ananyang'anywa binti yake, anawagomesha wakulima wote, njaa inauma mpaka watawala wanasalimu amri: binti atarudi, ilimradi hajaonja chakula cha kule. Hapo vidole vya Vénantie vikawa vinakimbia. Alikuwa anamtaka yule binti arudi, anamtaka kwa moyo wote.

Ukurasa wa mwisho, binti amekula punje nne za komamanga. Mlango wa kule chini unafungwa, naye yumo ndani.

Vénantie akaacha kuchapa.

"Mama Larissa, saa iko inaenda," Cyuzuzo alisema.

"Juu ya nini alikula?"

"Alisikia njaa, mama."

"Tuandike hakula. Ni neno moja tu."

"Hapana, mama. Hadithi iko vile."

Vénantie akachapa kama ilivyoandikwa, akatoa karatasi, akazibana, akampa. Kisha, bila kumtazama, akasema, "Tangazo ya Larissa sijaandika. Watu watauliza siku ile tuliongea nini."

Cyuzuzo alikuwa ameshafika mlangoni. Akasimama.

"Asubuhi ile aliniomba chai mbele ya kuenda. Mi nilikuwa na haraka ya kufungula hapa. Nikamwambia: enda tu, utakula kule kule."